Maji ya Ukuta

Soitsambu, Oktoba

Ako,

Sauti iliyonibakia ni moja, na ni fupi: bo.

Ulikuwa umesimama kwenye sakafu ya tangi, hapahapa nilipokaa sasa, ukiugonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Uligonga kwa kuzunguka, hatua moja kila mara, sikio karibu na lipu. Ko. Ko. Ko. Ukuta ulikujibu kama kitu kilichoshika. Ulipofika upande wa mashariki, chini kidogo ya usawa wa bega lako, ukajibu: bo. Ukasimama. Ukagonga tena palepale. Bo. Mimi nilikuwa kwenye ngazi juu yako nimeshika ndoo, nikatazama kwingine.

Waliofiwa husema wanasikia kikohozi cha marehemu, au viatu vyake mlangoni. Mimi nasikia ukuta. Nausikia kanisani, nausikia nikichambua maharage na mama yangu. Miezi sita sasa tangu uondoke, na sijakuandikia kwa sababu nilijua barua ikianza lazima ianzie hapo.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Paskali wako hajambo, ila goti. Paskali alikuja kutoka Arusha akabadilisha bati la jikoni, akakaa siku tatu, akarudi kazini. Mahindi ya mwaka huu Endabash si mabaya. Zege la kaburi lako nililichanganya mimi, sikumruhusu mtu mwingine aguse koleo, na nililimwagilia asubuhi na jioni siku kumi na nne. Jirani zako walidhani huzuni imenipanda kichwani. "Anamwagilia kaburi kama mchicha," walisema. Sikuwaeleza. Halijapasuka hata uzi mmoja.

Nimejenga matangi matatu peke yangu tangu hapo, yote Endabash, yote ya chini ya ardhi, yote yanashika maji. Nakuambia hili kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa.

Unakumbuka nilivyokujia. Nilikuwa nimerudi na stashahada yangu ya maji, nikakaa nyumbani miezi minane bila kazi. Ulikuwa unachimba tangi kwa jirani yetu. Nilisimama ukingoni nikakueleza kwamba shimo la mduara hustahimili msukumo wa udongo kuliko shimo la pembe nne. Wewe uliyekuwa umechimba miduara miaka thelathini ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukanipa sepetu. "Maji umeyasoma," ulisema. "Sasa njoo uyachimbie pa kulala."

Tangu siku hiyo sikukuita kwa jina, nilikuita Ako, babu, na wewe hukuniita kwa jina. "Injinia, kitabu chako kinasemaje hapo?" Vibarua walicheka, nami nikacheka nao, na jioni nilirudi kwenye daftari kuangalia kitabu kinasemaje. Mara nyingi kilisema ulivyosema. Jambo moja ulilisema vizuri kuliko kitabu. "Saruji haikauki, Injinia. Saruji inashika. Ikikauka imekufa, na maiti haizuii maji."

Sasa niandike yenyewe.

Tulipokuja huku mara ya kwanza, miaka miwili iliyopita, tulipanda lori la saruji kutoka Karatu, tukashuka Mto wa Mbu, tukapita Engaruka na vumbi lake, tukapanda Sale ukiwa umejifunga kitambaa puani, unasinzia juu ya mifuko. Kina mama wa hapa walikuwa wamejenga jengo la kikundi chao lenye bati refu, na kila mvua walisimama barazani wakitazama bati likiwamwagia maji yao chini. Walitaka tuwachimbie tangi. Kutoka hapa hadi bondeni penye maji, punda huondoka alfajiri na kurudi adhuhuri.

Ulimsalimia mkubwa wao, Nolari, kwa Kimaa chako cha salamu tu: "Takwenya." Akaitikia "Iko," akakutazama mikono. Kisha akauliza, kupitia kwa Naserian, yule dada aliyemaliza darasa la saba na kuwa mdomo wetu, kwa nini Mwiraqw atoke kwao aje kuchimba shimo Umasaini.

Ukamjibu: "Babu zangu walichimba nyumba chini ya ardhi, wakaingiza na ng'ombe humohumo, ili babu zenu wasiwaone. Kuchimba mmetufundisha ninyi."

Naserian alipomaliza kutafsiri, Nolari alicheka mpaka akashika nguzo. "Na bado tuliwaona!" akasema. "Tuliona moshi!"

Baada ya hapo hukukosa maziwa.

Tulichimba, tukajenga kwa mawe, tukafunga waya wa kuku, tukapiga lipu. Ukachora mstari wa kwanza kwa mkaa kwenye mguu wa ngazi, kama ulivyofanya kila kazi: mstari mmoja kwa kila siku ambayo ukuta umenyweshwa asubuhi na jioni, mpaka ifike kumi na minne. Madumu kumi na mawili kwa siku, yanayotoka bondeni, mgongoni mwa punda, katika mwisho wa kiangazi. Kina mama waliyaleta, lakini walisema. "Huu ukuta wenu unakunywa kuliko fahali," alisema Naserian. "Na fahali angalau anapanda."

Siku ya tatu kifua kilikubana. Siku ya nne asubuhi ulipanda pikipiki kwenda Waso kwa daktari. Ulinionyesha mistari mitatu. "Huyu ni mtoto wa kunyonya," ulisema. "Usimwache na kiu hata mara moja. Nitarudi."

Adhuhuri ile Nolari alishusha madumu yake mawili na hakuondoka. Alikuwa amefuatana na ndama, jike, mwekundu, magoti yamelegea. Mama wa ndama alikuwa amekufa kwa ukame wiki hiyo. Ndama alikwenda moja kwa moja kwenye gunia nililokuwa nimelilowesha ili kufunika ukuta, akaanza kulilamba. Ningependa kuandika kwamba Nolari aliniomba. Hakuomba. Alisimama tu, akamtazama ndama wake anavyolamba gunia.

Nilimpa ndoo. Kisha ya pili.

Kesho yake walikuja ndama watano, na keshokutwa sikuwahesabu. Ukuta ulipata dumu moja, mara nyingine mawili, nililonyunyizia kwa mkono kama padre. Usiku nilijiambia mambo ya darasani. Kwamba shimo lina kivuli. Kwamba udongo unaozunguka mawe una unyevu wake. Kwamba saruji hupata nguvu yake nyingi siku za mwanzo. Kila jambo hapo lina ukweli ndani yake. Ndivyo mtu aliyesoma anavyojenga uongo, Ako. Anatumia mawe mazima.

Na kila jioni nilichora mstari.

Hilo sikupanga kuliandika upesi hivi. Nilichora mistari minne, kwa mkaa wako, kwa siku nne ambazo ukuta haukunywa.

Asubuhi uliyorudi nilisikia pikipiki ikipanda kilima. Kulikuwa na madumu yaliyobaki. Nilichota ndoo sita, mbiombio, nikazimwaga ukutani kote mpaka lipu ikawa nyeusi kama imenyeshewa wiki nzima. Ulishuka ngazi pole pole, unapumua kwa mdomo. Ukaweka kiganja ukutani. Ukahesabu mistari: saba. "Vizuri, Injinia," ulisema. Kisha ukachukua mwiko, ukaanza kugonga.

Ulishanifundisha kwamba ukuta uliolowa huficha sauti yake, kwamba mtu hugonga kabla ya kumwagilia. Lakini uliukuta umelowa, na uliamini ulivyolowa. Mahali pamoja tu hapakufichika.

Ulitazama kiganja chako cha kulia. Ukakikunja, ukakikunjua. "Mchanga wa upande huu nilichanganya mimi," ulisema. "Mkono umeanza kuzeeka."

Nafasi ya kusema haikuwa ndogo. Ulipanda ngazi kufuata tindo. Ukashuka. Ukabandua mahali penye ukubwa wa sinia. Ukachanganya lipu mpya, kidogo kidogo, ukiinusa, ukiisugua kati ya vidole kama mtu anayejaribu unga wa mgeni. Ukapiga. Nilikupa maji ulipoomba. Sikusema. Tulipomaliza kazi yote ulichora alama yako kwa msumari kwenye zege la mfuniko, herufi T ndani ya duara, T ya jina lako, Tluway, kama kwenye kila tangi ulilowahi kulijenga kuanzia Mbulu mpaka huku.

Mvua zilikuja, tangi likajaa. Kina mama waliteka maji hatua kumi kutoka jengo lao, walituimbia kwenye simu. Mwezi wa sita Naserian alipiga tena. Uliweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Fundi," alisema, "hili tangi linakunywa lenyewe."

Ulitaka kurudi, kifua kikakataa. Jioni ile uliosha mwiko, ukaupaka mafuta, ukautundika juu ya mlango wa jiko, na hukuushusha tena. Waliokuja kukuita kazini uliwaambia: "Mwendeeni Injinia. Mimi mkono wangu unavuja." Ulisema kwa mzaha. Walicheka. Nilicheka.

Miezi kumi nilikuja kukuona karibu kila Jumapili. Nilikuletea maziwa mgando, tukazungumza habari za waya na mawe na mifereji ya bati. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza akaingia mgeni. Mara ya pili hakuingia mtu.

Msibani niligawa chai. Wazee walikuwa wanakutaja vizuri, tangi hili, tangi lile, lile la mwalimu ambalo halijawahi kukauka. Kisha mmoja akasema, kwa huruma kabisa, "Mwishoni tu ndipo mkono ulipomtoka. Lile la Soitsambu." Wakatikisa vichwa. Nikamjazia kikombe.

Mwezi wa nane nilimaliza tangi la tatu. Familia iliita watu, ikapika. Mama Paskali alikuja na fimbo yake, akagonga mfuniko mara mbili, akasema mbele ya wote: "Mungu ni mwema. Mzee aliacha mwanafunzi aliyempita."

Watu wakapiga makofi. Nilikwenda nyuma ya banda la nguruwe, nikakaa huko mpaka wageni walipomaliza kula.

Kesho yake nilimwambia yeye kwanza. Alikuwa anapeta maharage, na hakuacha kupeta. Nilimaliza. Akaweka ungo chini.

"Miezi kumi," alisema. "Kila tukilala ananiuliza, 'Mama Paskali, au ule mchanga ulikuwa na chumvi?' Mimi najua nini kuhusu mchanga? Nilimwambia ndiyo, baba, ulikuwa na chumvi. Ili alale."

Nilipiga magoti. Akanitazama, akasema, "Inuka. Nenda ukawaambie wao. Mimi usiniombe kitu leo."

Sijamwomba mpaka sasa. Lakini Jumamosi ile hakunizuia kwenye jumuiya nilipoomba nafasi baada ya sala, nikasimama, nikalisema lote: ndama, ndoo, mistari.  Familia mbili zilizokuwa zimenikubalia kazi hazijanipigia simu tangu siku hiyo. Ni haki yao. Jambo moja limebadilika, nimelisikia kwa masikio yangu kisimani: wakikutaja hawasemi tena kwamba mkono ulikutoka. Wananisema mimi. Na siku niliyoondoka kuja huku, Mama Paskali alinisubiri barabarani na gunia. Ndani mlikuwa na nyundo yako, tindo lako na mwiko. Alinikabidhi, akageuka na goti lake.

Nilikuja kwa njia ileile, juu ya lori lilelile, mifuko ya saruji chini yangu. Kina mama walikaa barazani kwenye jengo lao. Naserian alisimama kando yangu akitafsiri, na nilipofika kwenye mistari ya mkaa alinigeukia. "Niseme na hili?" aliniuliza. Nikamwambia aseme.

Mama mmoja mrefu alinyanyuka kabla hata hajamaliza. Kimaa chake kilikuwa kikali kiasi kwamba Naserian alikipunguza, nikamwomba asipunguze. "Anasema mwaka mzima na zaidi ameshuka bondeni, kwanza na mimba, halafu na mtoto mgongoni. Anasema, kumbe ni kwa sababu ya ndama wa Nolari?"

Nolari akasimama naye. Alizungumza kwa Kiswahili, ili nisikie bila mtu katikati. "Mimi nilijua maji si yangu. Tangu dumu la kwanza nilijua. Msimseme yeye peke yake."

 Kisha, Ako, nyuma ya jengo akalia ng'ombe. Yule ndama mwekundu sasa ni ng'ombe mzima, ana ndama wake. Na jina lake, ambalo watoto walimpa kwa sababu alilamba gunia la ukuta, ni Saruji.

"Basi mkamueni Saruji," alisema yule mama mrefu, bado na hasira, "mnywe tangi lenu!"

Walicheka, mpaka yeye mwenyewe akacheka, kwa shida. Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka, nikatazama viatu vyangu.

Walikubali nilitengeneze upya, nao walete maji tena. Nolari alisema ndama yeyote atakayesogelea madumu ya ukuta atamfunga kwa mkono wake, hata akiwa wa Saruji. Tulipobaki wawili aliniambia, "Labda mzee wako alijua. Wazee wanajua."

Alitaka kunipa kitu cha kushika. Nimekikataa, kwa adabu. Kama ungejua ungeniambia. Ungenitukana kidogo, ungeniita msomi, ungenipa tindo. Usingeutundika mwiko. Hukujua, Ako. Uliondoka ukiamini ni mkono wako, na hakuna mtu aliyebaki duniani wa kunisamehe hilo. Naliandika ili lisiandikwe vizuri zaidi ya lilivyo.

Siku ile ile, kabla sijagusa kitu kingine, niliichonga T yako ikatoka kwenye mfuniko. Mahali pake nikachonga V. Tangi lilikuwa bado bovu, linavuja, na nilitaka liwe na jina la mwenye ubovu kwa muda wote ambao lingekuwa bovu.

Nimekuwa nikifikiri sana humu ndani. Ukikaa sakafuni mwa tangi unasikia pumzi yako tu. Zamani nilidhani kosa langu ni huruma, kwamba nilishindwa kumnyima ndama. Sikubali tena. Ungekuwa wewe ungemnywesha ndama kwa kofia yako, nakujua. Kisha ungefuta mistari, ungebandua lipu, ungeanza kuhesabu upya, ungewaambia kina mama wazi kwamba maji waliyoleta yameingia tumboni mwa ng'ombe na sasa walete mengine. Wangenuna. Ungewatania kuhusu moshi. Ndama angeishi na tangi lingeshika. Vyote viwili viliwezekana. Kilichoviua ni zile ndoo sita na mistari minne.

Basi tuliuondoa mfuniko, nikabandua lipu yote, mwanzo mpaka mwisho, nikasugua mawe, nikafunga waya mpya, nikapiga tabaka mbili. Nikachora mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, hadi wa tano. Mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Sale kila alasiri, meusi chini, na kila mtu hapa anahesabu kimoyomoyo kama mimi: siku kumi na nne, kisha tuunganishe mifereji, kisha mvua. Hoteli moja ya watalii kule Karatu ilikuwa inanisubiri nianze kusimamia matangi yake wiki ijayo. Hesabu zilikuwa zinatosha. Zilitosha kwa shida, lakini zilitosha.

Juzi tembo waliteremka bondeni wakakaa majini. Punda hawakwenda. Jana vilevile. Nilikuwa na dumu moja la kunywa, nililinyunyizia upande wa magharibi likaisha. Upande wa mashariki, kwa ndani, hupigwa na jua la alasiri, unakumbuka. Magunia yalikauka yakawa kama mbao. Niliutazama ukuta ukigeuka rangi, kutoka kijivu cha wingu kwenda kijivu cha majivu, na nilikaa nao kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Jana usiku tembo waliondoka, punda wakashuka usiku wa manane, na leo saa tatu asubuhi walirudi. Naserian alishusha madumu, akachungulia shimoni, akaona rangi. Yeye si mjinga. "Mimina haraka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukuta haukumbuki."

Alisema kwa upendo, na kwa uchovu. Bondeni ni mbali.

Nililiweka dumu chini, limefungwa. Nikachukua mwiko wako, nikashuka, nikaugonga ukuta ukiwa mkavu. Magharibi: ko. Kaskazini: ko, ko. Mashariki, chini kidogo ya usawa wa bega, bega langu safari hii: bo.

Niliwaita washuke wasikie. Nolari alishuka ngazi na shanga zake zote, akanipokonya mwiko, akagonga mwenyewe, mara tatu. Akasikiliza. "Nimepiga hodi," alisema. "Hakuna mtu."

Nikawaambia maana yake: lipu imeachana na mawe, tunabandua na kuanza kuhesabu upya. Yule mama mrefu aliuliza kutoka juu, "Siku zetu tano?"

"Zote."

"Na mvua?"

"Sijui, yeyo, mama. Ikija kabla, maji ya kwanza yatamwagika chini."

 Sikupewa neno jema, wala sikulitafuta. Kisha niliona mgongo wake. Alikuwa anageuza punda.

Nilipanda kilimani penye mtandao nikawaambia wale wa hoteli wamtafute mwingine.

Ako, karatasi inaisha. Sitakuombea upumzike kwa sababu sijui kama unaweza, na mimi ndiye niliyekuondolea pumziko. Naweza kukuahidi kazi tu. Sitaulowesha ukuta ili ninyamazishe sauti yake, wa mawe wala wa aina nyingine. T yako sitairudisha kwenye tangi hili hata likishika. Si lako, wala halikuwa lako. Matangi yako halisi nayajua yaliko, na kila mwaka kabla ya mvua nitayapitia moja moja, nigonge, nisikie mkono wako ulivyokuwa. Nikipita Endabash nitamwagilia na mchicha wa Mama Paskali, kama ataniruhusu kuingia. Kwaheri, mwalimu wangu.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Upande wa mashariki nimeubandua wote, kutoka sakafuni hadi ukingoni. Sikuweka kiraka, kwa maana kiraka huvuja kwenye ukingo wake. Kina mama walichanganya, mimi nilipiga. Lipu mpya imefunikwa kwa magunia mabichi, na ukuta mzima umekunywa. Ile mistari mitano kwenye mguu wa ngazi nimeifuta kwa kiganja. Mkaa huu unaouona pembeni mwa karatasi ndio huo. Ngazini pana mstari mmoja.

Injinia wako,
Veronika